Kitu cha Kukawia

Mwezi huu tumeombwa tuandike juu ya bustani za nyumbani. Mvua bado inanyesha, lakini tunajua wote kwamba kuanzia mwezi wa 6 hadi wa 9 hapa ni vumbi tu, na mwenye kutaka mboga wakati huo aanze kujipanga sasa.

Kwanza mtujue. Sisi ni vijana tuliozaliwa hapa hapa Nyarugusu. Kambi ilifunguliwa mwaka 1996, wazazi wetu wakavuka ziwa Tanganyika kutoka upande wa Fizi na Uvira, sisi tukafuata baadaye kwa njia ya tumbo. Tumesoma hapa, tumemaliza sekondari hapa, na sasa tunafundisha shule ya msingi kwa kujitolea. Wazazi walikuwa walimaji na wavuvi. Sisi shamba la hekari moja hatujawahi kulishika. Haturuhusiwi kulima nje ya kambi, na ndani kila nyumba ina kauwanja kake tu, hatua chache toka mlango hadi choo cha jirani. Kwa hiyo haya tunayoandika hatukuyapata nyuma ya jembe la baba. Tumeyapata kwenye gunia.

Lilianza darasani. Watoto wetu wa darasa la 4 ni mabingwa wa kugawa. Wape kilo za unga na saizi ya familia, jibu unalipata kabla hujamaliza kuandika ubaoni, maana kila mgao wanasimama kwenye foleni na mama zao. Lakini siku moja tuliwauliza: lengalenga inachukua siku ngapi toka mbegu mpaka chungu? Kimya. Mmoja akasema wiki moja. Mwingine akasema mwaka. Hawa ni wajukuu wa walimaji! Basi tukatafuta gunia, tukalisimamisha nyuma ya darasa, na watoto wakawa wanachora mstari mmoja ukutani kila asubuhi. Siku ya 26 tulikata mboga ya kwanza. Na kweli kwa kawaida ni wiki 3 hadi 4, ikipata maji.

Wengi wanatuuliza gunia linajazwaje, maana wao walijaza udongo mtupu, maji yakakaa juu, chini mizizi ikakauka. Siri iko katikati. Chukua kopo la mafuta, likate juu na chini libaki kama bomba. Lisimamishe katikati ya gunia, ulijaze mawe madogo, kisha uzungushie udongo uliochanganywa na samadi ya mbuzi au majani yaliyooza. Ukifika usawa wa kopo, livute juu taratibu, mawe yanabaki. Jaza tena mawe, zungushia tena udongo, vuta tena, hivyo hivyo mpaka juu. Ukimaliza una nguzo ya mawe toka chini hadi juu, na maji unayamwaga pale, yanafika kila mahali. Ubavuni toboa matundu madogo, yasifuatane kwa mstari mmoja, yapishane, uweke miche ya lengalenga, sukuma wiki au vipande vya matembele. Juu weka vitunguu au nyanya mbili. Zaidi ya hapo ni tamaa, zitanyang'anyana chakula.

Maji ndiyo ugomvi wetu mkubwa, hata kuliko kuku. Hakuna mama atakayekubali maji ya bomba, aliyoyapangia foleni, uyamwagie majani. Tunatumia yale ya kuoshea mboga na yale ya kusuuza vyombo. Yenye sabuni nyingi hapana. Yamwagwe jioni jua likishazama, si mchana. Na juu ya udongo tandaza nyasi kavu, zinashika unyevu. Mbolea tunatengeneza kwa yale maua ya manjano marefu yanayoota kando ya barabara, wengine wanayaita alizeti mwitu. Majani yake yanakatwakatwa, yanalowekwa kwenye ndoo wiki mbili, kisha maji yake yanachanganywa na maji mengine kabla ya kumwagia. Yananuka vibaya sana. Jirani akilalamika, mgawie mboga.

Kuhusu kula, tutasema mawili tu. Mboga ya kijani kibichi ina vitamini A na madini ya chuma, na ile vitamini A mwili unaichukua vizuri kama mboga imepikwa na mafuta kidogo, hata kijiko. Sombe nayo isiharakishwe: itwangwe, ichemshwe vizuri muda mrefu, kwa sababu majani ya muhogo mabichi yana sumu. Mgagani, ambayo majirani zetu Warundi wanaiita isogi, tuliwahi kuidharau kwa uchungu wake, sasa tunabadilishana nao fungu kwa fungu. Mchaichai ni wa chai. Kivumbasi mlangoni harufu yake mbu hawaipendi, lakini chandarua kiendelee kufungwa, na mtoto akipata homa apelekwe kituo cha afya, asipewe majani.

Mwaka 2023 mgao wa chakula kwa wakimbizi hapa Tanzania ulishuka hadi nusu. Magunia yakaongezeka milangoni pasipo mtu kuhubiri.

Sasa tuwaambie jambo ambalo hasa tulitaka kuliandika. Ukipita kambini ukatazama kilichopandwa, unaweza kujua kila nyumba inafikiri itakaa muda gani. Penye lengalenga tupu, watu wako safarini moyoni. Penye ndizi au papai, wameanza kukubali, au wamechoka kungoja. Tuna mama mmoja jirani, tumekua mbele ya macho yake. Tangu tukiwa wadogo alikuwa anapanda mboga za wiki chache na maua ya rangi ya chungwa mlangoni. Watu walimcheka, maua hayaliwi. Alisema nyumba zote zinafanana, anataka wajukuu wake wakitoka shule wasiingie kwa watu. Lakini papai alikataa kabisa. "Miye sipandi kitu ya kukawia," alituambia. "Nikipanda papai ni kama namwambia Mungu sirudi tena."

Halafu faili yake ya Marekani ikaanza kutembea. Mahojiano, vipimo vya afya, tena mahojiano. Mwisho akapewa tarehe ya safari, mwezi wa 2 mwaka 2025. Mwezi wa 12 akatuita, akatukabidhi magunia yake matatu na kajembe kake kenye mpini mfupi. Masufuria aliuza, kitanda akauza. Hilo ni jambo la kawaida, kila anayeondoka anauza. Januari 2025 mpango wa kupokea wakimbizi Marekani ukasimamishwa, na safari yake ikafutwa pamoja na za wengine wengi. Mkeka wa kulalia alikuja kuazima kwetu.

Siku nyingi hakutoka nje. Sisi tuliendelea kumwagilia magunia yale, na kila siku ya tatu tulikata lengalenga tukampelekea fungu. Alipokea, akashukuru, akafunga mlango. Hatukujua la kusema. Tungemwambia vumilia? Amevumilia kabla sisi hatujazaliwa. Kuna watu walikuja kumfariji kwa maneno marefu, na tunaona afadhali tulinyamaza.

Jioni moja akaja mwenyewe uwanjani kwetu. Akazunguka magunia, akashika majani, akang'oa jani lenye utitiri. Akasema, "Wanangu, hii ya katikati msiikate tena, iacheni izae mbegu." Ndipo tukajua atapanda. Akachukua kajembe kake bila kuomba, na kesho yake gunia moja tukambebea hadi kwake, baadaye la pili. La tatu alisema libaki kwa watoto wa shule.

Zile mbegu zilikomaa. Alitufundisha kupukuta: unakata suke lote likiwa limeanza kukauka, unalianika juu ya kitambaa siku kadhaa, unalisugua kwa viganja, unapeperusha. Mbegu ni nyeusi, ndogo kama vumbi la makaa. Unapozipanda zichanganye na mchanga mkavu, la sivyo zinaanguka zote mahali pamoja.

Mvua za 2025 zilipoanza, tulimkuta amechimba shimo pale maji ya kuogea yanapotokea. Ameweka miche mitatu ya papai. Tukamwangalia tu. Mmoja wetu akashindwa kujizuia: "Mama, si ulisema kitu ya kukawia hupandi?" Akajibu, bila kuinua kichwa, kwamba maji ya kuogea yanapotea bure pale. Hatukuuliza tena.

Sasa miche imetufika kiunoni. Papai lina mti wa kiume na wa kike, na ukiwa mdogo huwezi kuutambua, ndiyo maana unaweka mitatu shimo moja. Ukitoa maua ndipo unajua, unang'oa wa kiume na kuacha wa kike uzae. Karibu mwaka mzima mpaka tunda. Mama amezungushia miiba kwa sababu ya mbuzi, na wajukuu wake wameambiwa atakayetikisa mti atalala nje.

Mbegu za lengalenga za gunia la katikati tunazo za kutosha familia nyingi, ni bure. Njooni Jumamosi asubuhi nyuma ya darasa la 4, kila mmoja na kikaratasi chake cha kufungia. Mwenye kopo la mafuta tupu alete pia, tutamkatia.