Jinsi Sultani Alivyosimama Tena

Mbwa wangu aliitwa Sultani, ingawa umbo lake halikuwa la kifalme hata kidogo. Mgongo wake ulikuwa mrefu na miguu yake mifupi sana, hata watoto wa shule walipomwona akipita majanini walisema kwamba wameona mamba mdogo. Lakini moyo wake ulikuwa mkubwa. Kwa muda wa miaka 9 alinisindikiza kila asubuhi toka nyumbani kwangu, huku Limuru, mpaka mlango wa darasa, kisha akarudi peke yake kulinda nyumba.

Basi asubuhi moja ya mwezi wa Juni, mwaka 2019, nilimwita asije. Nikamkuta chini ya meza, anatetemeka. Miguu yake ya mbele ilikuwa mizima, lakini ile ya nyuma aliiburuta kama nguo iliyolowa maji. Jioni iliyotangulia alikuwa ameruka toka kitini, akalia mara moja tu. Nami nilisikia, nisijali. Nikamlaza juu ya ubao ili mgongo wake usipindike, nikaomba gari la jirani, nikampeleka Nairobi kwa daktari wa wanyama.

Daktari akanieleza hivi. Uti wa mgongo si mfupa mmoja, bali ni mifupa midogo mingi, yaani pingili, iliyopangwa kama shanga katika uzi. Katikati yake mna njia, na katika njia hiyo hupita mshipa mkubwa wa fahamu. Mshipa huo huchukua amri toka ubongoni mpaka miguuni, na kurudisha habari za maumivu toka miguuni mpaka ubongoni. Baina ya pingili na pingili kuna kijisahani cha gegedu, ambacho huizuia mifupa isisagane. Kwa mbwa wa mgongo mrefu na miguu mifupi, vijisahani hivyo huanza kukauka na kuwa vigumu mapema, hali mbwa angali kijana. Hata siku moja kimoja hupasuka, na vipande vyake huubana ule mshipa.

Kisha akakibana kidole cha mguu wa nyuma kwa koleo. Sultani akageuza kichwa, akalia. Daktari akasema, "Amesikia maumivu. Basi tumaini lipo. Kama asingalisikia kitu, tumaini lingalikuwa dogo." Ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu kufurahi kwa kusikia kilio.

Lakini gharama ya kumpasua ilikuwa karibu sawa na fedha zote nilizoweka akiba ili kuezeka nyumba yangu mabati mapya. Daktari hakunificha njia ya pili, nayo ni kumchoma sindano, alale asiamke tena. Nilitoka nje, nikasimama chini ya mti kwa kitambo, kisha nikarudi, nikamwambia ampasue.

Habari ilipofika kwetu, mzee mmoja aliniuliza, "Mwalimu, fedha yote hiyo kwa mbwa mzee?" Sikumkasirikia, maana swali lake lilikuwa la haki. Nikamjibu, "Baba, sisemi kwamba kila mtu afanye hivi. Kama watoto wangu wangalikuwa na njaa, nami nisingalifanya. Lakini nyumba yangu imevuja mwaka mzima, yaweza kuvuja mwaka wa pili. Sultani hawezi kungoja." Mzee akatikisa kichwa, akaenda zake.

Daktari akamtia mbwa dawa ya usingizi, akampasua mgongoni, akakata dirisha dogo katika mfupa, akaviondoa vile vipande. Baada ya siku 4 nikamrudisha nyumbani. Nilidhani kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Niliamriwa kumweka katika kizimba kidogo muda wa majuma 6, asiruke wala asikimbie. Hakuweza kukojoa mwenyewe, kwa hiyo kila baada ya saa 6 nilikibonyeza kibofu chake kwa viganja viwili, polepole, kama nilivyofundishwa na daktari. Maana mkojo ukikaa ndani huleta ugonjwa mwingine. Kila baada ya saa 4, mchana na usiku, mimi au mke wangu tulimgeuza upande, asipate vidonda vya kulalia, tukamwekea matandiko makavu. Tuliikunja na kuinyosha miguu yake ya nyuma ili isikakamae. Alipotoka nje kidogo, nilipitisha taulo chini ya tumbo lake, nikambeba sehemu ya nyuma, naye akatembea kwa miguu ya mbele. Sakafu yetu ya saruji huteleza, basi tukaitandika magunia.

Siku ya 18 Sultani alisimama peke yake, akahesabu pumzi tatu, akaanguka. Furaha yangu ikanipoteza akili. Kesho yake wakaja wageni, nami kwa kutaka kujionyesha nikakifungua kizimba, nisishike taulo. Mara paka akapita mlangoni. Sultani akamrukia, akaanguka kwa ubavu, akalia kilio kama kile cha kwanza. Usiku ule hakuweza kusimama tena, nami sikulala. Mimi niliyewaadhibu wanafunzi wengi kwa kufanya hesabu kwa haraka, nilikuwa nimekosa kosa lile lile.

Asubuhi nikampeleka kwa daktari. Akampima, akasema mshipa haukuumia; lakini akaniamuru nianze kuhesabu majuma 6 upya. Kisha akanitazama akasema, "Wagonjwa wangu ni wawili. Mbwa anaumwa mgongo, na wewe unaumwa haraka." Sikuwa na jibu.

Tangu siku ile kizimba hakikufunguliwa ila kwa amri. Polepole mguu mmoja ukapata nguvu, halafu wa pili. Mwezi wa Septemba ulipokwisha, Sultani alitembea, ingawa nyuma yake iliyumba kama mkia wa tiara. Hakuruka tena, nami nilimtengenezea ubao wa kupandia penye ngazi. Asubuhi moja nilipofika mlango wa darasa nikageuka, nikamwona amesimama nyuma yangu. Wanafunzi wakapiga makofi hata mwalimu mkuu akaja kuuliza kuna nini.

Wanafunzi wapenzi, mkimwona mbwa anaburuta miguu, msimvute wala msimwinue kwa kwapa. Mlazeni juu ya ubao, mpelekeni upesi kwa daktari. Wala msimpe dawa za watu za kutuliza maumivu, kwa kuwa nyingine ni sumu kwake. Upesi ni wa kwenda kwa daktari. Baada ya hapo, shikeni subira.

Sultani aliishi miaka 3 zaidi, akafa katika usingizi mwaka 2022. Mabati mapya nilipata mwaka 2021. Kabla ya hapo, usiku wa mvua, tone likiniangukia usoni, niliamka nikataka kujilaumu. Lakini gizani nilisikia miguu minne ikitembea juu ya magunia, basi nikavuta kitanda mbali na tone, nikalala.