Bunduki za Keya na Mikono ya Mafundi

Watu wengi walionihoji habari za kazi yangu walidhani kwamba fundi wa bunduki hushinda akilenga shabaha na kurejea nyumbani na paja la kulungu, ilhali mimi, niliyeitumikia serikali katika ghala la silaha za mabwana nyama tangu miaka michache baada ya Uhuru hata nikastaafu na kuhamia hapa Maili Moja, nimefungua na kusafisha bunduki nyingi mno kuliko nilizopata kuzipiga, na sehemu kubwa ya umri wangu imepita baina ya birika la maji ya moto, kopo la mafuta ya taa na bisibisi. Kwa hiyo msomaji anayetafuta hadithi za ndovu waliojeruhiwa atanisamehe, maana haya ni mambo ya mezani.

Ghalani tulikuwa na silaha za namna nyingi, zikiwemo zile nzito za .404 zilizokusudiwa ndovu waharibifu wa mashamba, lakini zilizotupa kazi zaidi zilikuwa .303 za Lee-Enfield, namna ile fupi iliyopokewa na jeshi la Waingereza mwaka 1907, yenye magazini ya risasi 10, ambazo zilikuwa zimekwisha kutumika jeshini kabla ya kushushwa cheo zikapewa kazi ya kulinda mihogo na mahindi. Aliyenifundisha alikuwa sajini wa zamani wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, mtu wa Songea, aliyefika Burma pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki mwaka 1944, naye hakuwa akiigusa bunduki yoyote, hata ile aliyoiweka kabatini kwa mkono wake mwenyewe, ila kwanza ameitoa magazini, amevuta komeo nyuma, amechungulia chumba cha risasi na kisha ametia humo ncha ya kidole kidogo, kwa kuwa hakuliamini jicho peke yake. Nilipothubutu kumwambia, "Mzee, hii si tuliisafisha jana?" alinijibu bila ya kuinua uso, "Jana ilikuwa mkononi mwako, kijana. Usiku ilikuwa mkononi mwa nani?"

Watu hudhani adui wa bunduki ni vumbi. Katika pwani hii adui ni chumvi. Risasi za kijeshi tulizorithi zilikuwa na fataki zenye klorati ya potasiamu, na kila ilipolipuka iliacha ndani ya mtutu chumvi isiyoonekana kwa macho, ambayo huvuta unyevu wa hewa kama chumvi ya jikoni ivutavyo maji wakati wa masika, wala mafuta hayaiyeyushi bali huifunika tu, hata mtu akaiweka silaha yake jioni ikimetameta na baada ya siku chache akaikuta imekuwa nyekundu ndani. Dawa yake ni maji, tena yachemkayo, yanayomiminwa kwa faneli kutokea upande wa chumba cha risasi hali mdomo wa mtutu umeelekezwa chini, mpaka chuma kipate moto kiasi cha kujikausha chenyewe. Kisha hufuata kitambaa kikavu, na mwisho mafuta membamba, kidogo.

Vijana walioletwa kwetu kujifunza walishtuka kuona maji yakitiwa ndani ya bunduki, na sajini, ambaye hakupenda kubishana, aliwasimulia habari za meli ya Wajerumani iitwayo Rubens, iliyoingia Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, mwezi Aprili 1915, ikiwa imebeba bunduki na risasi kwa ajili ya askari wao, ambao wengi walikuwa bado wanatumia bunduki za mwaka 1871 zenye baruti ya moshi mzito uliomfichua kila aliyepiga. Manowari ya Kiingereza, Hyacinth, iliifuata na kuipiga kwa mizinga, lakini shehena iliopolewa, na risasi zilizolowa maji ya bahari zikalazimu kufunguliwa, kukaushwa na kusafishwa kabla ya kufaa. "Wale walikuwa na vita mlangoni na bado walipata nafasi ya kuondoa chumvi," alisema, "nanyi mna haraka ya kwenda wapi?"

Hata hivyo, kwa insafu, kutu haikuharibu bunduki nyingi kama zilizoharibiwa na bisibisi. Kitako cha Lee-Enfield fupi kimeshikwa na bolti moja ndefu ipitayo ndani ya mti, na kichwa chake hufikiwa kwa kufungua kile kifuniko kidogo cha shaba kilichoko mwishoni mwa kitako, mahali ambapo askari alitunza kamba ya kusafishia na kichupa cha mafuta, na kuondoa kizibo kilichomo. Kwa kuwa njia hiyo ni fupi na haitaki kufungua kitu kingine, mtu asiyefundishwa huanzia huko, na huko ndiko kwenye msiba: ncha ya mbele ya bolti imechongwa mraba, nayo imekaa ndani ya kibati kilichopachikwa nyuma ya ubao wa mbele ili isilegee yenyewe, basi ukiizungusha ilhali ubao ungali mahali pake, ule mraba hugeuka kwa nguvu na kuupasua mti wa jozi uliokwisha kukauka kwa miaka mingi. Nimepokea kutoka vituo vya mbali bunduki ambazo mtutu wake ulikuwa safi kama wa kiwandani, na ubao wake umefungwa kwa waya.

Taratibu ya sajini, ambayo sikupata kuona sababu ya kuibadili, ilikuwa kuanza mdomoni na kurudi nyuma: magazini na komeo kwanza, kisha kifuniko cha juu cha mtutu, kofia ya chuma ya mdomoni, skrubu ya bangili ya ndani pamoja na springi yake ndogo inayopenda kurukia mvunguni, halafu skrubu za kilinzi cha kifyatulio, na hapo ndipo ubao wa mbele huteremshwa, moja kwa moja, mikono miwili ikivuta sawasawa, bila ya kuukongoa kwa chuma, hata kama unyevu umeuvimbisha na unakataa. Kitako kilifunguliwa mwisho, aghalabu hakikufunguliwa kabisa, maana kama kimekaza na hakina ufa hapakuwa na haja ya kukisumbua. Bisibisi za dukani, ambazo ncha zake ni nyembamba mbele na nene nyuma, alizisugua kwa tupa mpaka zikajaa barabara katika mkato wa kila skrubu, kwa kuwa bisibisi iliyolegea huteleza, na ikiteleza mara moja alama yake haifutiki.

Komeo lilikuwa na sheria yake. Kila komeo limepigwa nambari ya bunduki yake, na kichwa chake cha mbele hufunguka kwa hesi, hivyo mtu mvivu huweza kutumbukiza makomeo kadha wa kadha katika karai moja la mafuta ya taa na baadaye kuvirudisha vichwa ovyo. Bunduki itafunga na italia, lakini nafasi iliyoko nyuma ya risasi huwa imebadilika, na ikizidi, ganda la risasi huweza kukatika ndani.

Kamba ya kusafishia huvutwa kutoka chumba cha risasi hadi mdomoni, kwa unyoofu. Anayeivuta kwa upande hula ukingo wa mdomo pole pole, na shabaha hupotea bila ya yeye kujua imekwenda wapi.

Hapa Maili Moja hunijia wakulima wenye leseni, hasa kutoka upande wa Kisarawe, ambako nguruwe mwitu hawajapata kusikia habari ya mipaka ya mashamba, na sipokei silaha kabla sijaona karatasi zake. Mmoja wao alirithi .303 ya marehemu baba yake, iliyokaa muda mrefu imepakwa grisi nzito iliyogeuka gundi, naye alitaka niipige msasa, chuma na mti, ili ing'ae mbele ya wageni. Nililainisha grisi kwa mafuta ya taa na mswaki, nikaondoa kutu ya juu kwa kipande cha shaba na mafuta, mti nikaupaka mafuta ya kitani kwa kiganja, nikaacha weusi wa chuma ulivyo, na taji, herufi za mfalme, mwaka na nambari zote zikabaki zinasomeka. Hakufurahi, akanilipa ujira pungufu akisema kazi haionekani. Alipokwenda kuhamisha leseni kwa jina lake, askari polisi alisoma nambari ya kwenye komeo, akailinganisha na ya penye chumba cha risasi na ya daftarini, akagonga muhuri. Na wiki hiyo hiyo yule bwana alinitumia salio kwa mkono wa kondakta wa basi, pamoja na mfuko wa korosho mbichi.