Mwanza: Usimwekee furu taa ya disko!

Mwanza ina mambo, wacha bwana! Wageni wengi wakishuka tu mbio kupiga picha na jiwe la Bismarck, wanashushia sato wa kuchoma, basi, wanajiona wamemaliza. Hawajui kuwa usiku usio na mbalamwezi, ukitazama ziwani, unaona kama mji mwingine juu ya maji. Zile ni taa za wavuvi wa dagaa. Zamani zilikuwa karabai, na mafuta ya taa yalikuwa yanakula faida. Siku hizi wengi wanatumia LED na betri.

Habari ya taa imenikaa kichwani tangu mshikaji wangu mmoja wa Nyegezi aamue kufuga samaki sebuleni. Aliona kwenye picha tangi la maji chumvi, lina matumbawe na taa za buluu, naye akataka lile lile. Nikamwambia, kaka, piga hesabu kwanza. Tumbawe ni mnyama, lakini mwilini mwake unaishi mwani mdogo sana unaompikia chakula kwa nguvu ya mwanga. Taa ikiwa hafifu, tumbawe linakufa njaa. Kwa hiyo taa zake ni kali na bei yake kali. Hapo hujanunua chumvi!

Mlangoni kwetu tunaye furu, ambaye hataki makuu. Taa ya LED ya wati 10, ikiwaka saa 10 kwa siku, inakula uniti 3 tu za umeme kwa mwezi. Globu ya zamani ya wati 60 ingekula 18. Tangi usiliweke dirishani, jua litaotesha ukijani kwenye kioo. Waya nao uachie ulegee chini ya soketi kabla haujapanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni, lisiingie kwenye umeme.

Ila taa iwe nyeupe. Hapo ndipo kwenye utamu. Kuna furu mwenye dume jekundu, Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu mwaka 1985. Ana ndugu yake ambaye dume ni la rangi ya buluu. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walitoa utafiti wao katika jarida la Science. Chini ya mwanga mweupe, majike walichagua madume wa aina yao. Mwanga ulipokuwa wa rangi ya chungwa tupu, wakashindwa kutofautisha. Sisi wa disko tunaelewa: kwenye taa nyekundu kila mtu mzuri, ukweli unaujua asubuhi.

Ziwani mambo ni hayo hayo. Kisiwa cha Makobe maji ni maangavu, na kila furu ana wake. Kule Luanso, kusini mwa Ghuba ya Mwanza, maji ni ya tope, na wamechanganyika. Sangara aliyeletwa miaka ya 1950 alishawamaliza furu wengi kufikia miaka ya 1980. Waliobaki tunawazimia taa sisi wenyewe kwa uchafu.

Mshikaji amenunua taa yake nyeupe, kazi kwisha. Taa ya ziwa ni jua, na jua halipenyi tope. Nyie wa milimani mnaofungulia choo mvua ikinyesha, mnajijua!

Haya, wiki ijayo tukijaliwa.