Mwasumini Safarini: Kutoka Mji wa Kale hadi Makina na Kawangware



Kwa miaka mitatu tuliijua bustani ya Somo kwa picha tu. Sisi ni majirani watatu wa Mji wa Kale, Mombasa, tunaootesha maua uani na juu ya sakafu za nyumba zetu. Yeye ni mama wa Kinubi wa Kibera, Nairobi, ambaye tulijuana naye harusini mwaka 2015. Ilipodhihirika kwamba yeye na mmoja wetu wana jina moja, sote tukamwita Somo, na tangu siku hiyo simu zetu hazikupumzika. Sisi tulimpelekea picha za asumini zilizofunguka magharibi, au za kikuba kabla hakijabandikwa nguoni. Yeye alituletea mawaridi.

Na mawaridi yake si kama haya yetu. Waridi la Mombasa huchoka na jua kabla ya adhuhuri. Nairobi iko kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, usiku wake una baridi, na mwaridi hupenda hivyo. Ndiyo sababu mashamba makubwa ya mawaridi ya kuuzwa Ulaya yako Naivasha, hayako Kilifi. Picha tuliyoipenda kupita zote ilikuwa ya mwaridi mwekundu ulioegemea ukuta wa mabati, na chini yake magunia mawili yaliyochanua ubavuni.

Magunia hayo yana habari yake. Baada ya machafuko ya uchaguzi, mwaka 2008, shirika la misaada la Kifaransa liitwalo Solidarités lilieneza Kibera kilimo cha magunia. Hutwaliwa kopo lisilo na kitako, likasimamishwa katikati ya gunia na kujazwa kokoto, na pembeni mwake hutiwa udongo. Kisha kopo huvutwa juu na kujazwa tena, hata gunia likajaa na nguzo ya kokoto ikabaki katikati kupitisha maji. Ubavuni hutobolewa matundu ya kupandia. Majirani walipanda sukuma wiki. Somo alipanda maua, wakamcheka.

Desemba 2018 tukaazimia kumzuru. Tulipanda gari moshi la asubuhi Miritini, na katika kikapu tulikuwa na vipandikizi vitano vya mwasumini, vimezungushiwa gazeti lililoroweshwa na kipande cha leso kuukuu, kwani mifuko ya plastiki ilikuwa imekwisha kupigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017. Njia nzima ya Tsavo tulikuwa tukivinyunyizia maji kwa ncha za vidole. Kijana aliyeketi mbele yetu alidhani tumebeba samaki.

Somo alitupokea Makina, kando ya soko la Toi, akatuingiza kwa binamu yake. Makina ndiyo moyo wa Wanubi wa Kibera. Wazee wao walikuwa askari wenye asili ya Sudan katika jeshi la Waingereza, wakapewa makao hapa palipokuwa msitu. Na neno "kibra" kwa Kinubi maana yake ni msitu huo. Mwaka 1918 ardhi hiyo ilitangazwa rasmi kuwa ya jeshi. Iliwapasa kungoja hadi Juni 2017 ndipo wakakabidhiwa hati ya ekari 288, sehemu ndogo tu ya ardhi ile ya kwanza. Ukutani mwa binamu yake zilitundikwa tabaga, zile kawa za Kinubi za rangi nyingi, nasi tukazisifu kwa dhati. Lakini macho yetu yalikuwa mlangoni.

"Somo, bustani iko wapi?"

"Kunyweni chai kwanza."

Baada ya chai alitutoa nyuma ya nyumba. Palikuwa na ndoo iliyopasuka, na ndani yake shina lililokatwa hata likawa kimo cha goti, lenye majani matatu.

"Huu ndio ule mwaridi," akasema.

Nyumba yake, aliyoachiwa na marehemu mumewe, ilikuwa Mashimoni, nje ya zile ekari 288. Mwezi wa Julai mwaka huo huo matingatinga yalikuwa yameingia Kibera kusafisha njia ya barabara ya kuunganisha Ngong na Lang'ata, na nyumba na shule zikaondoka kwa siku chache. Somo aliwahi kutoa matandiko na vyombo. Mwanawe alimsihi ayaache maua. Yeye akachimbua mwaridi kwa mwiko wa ugali, akauleta huku kwa binamu yake, kisha akahamia chumba cha kupanga Kawangware.

Tulinyamaza. Halafu mmoja wetu akauliza lile ambalo sote tulikuwa tukilihesabu moyoni. Je, zile picha za Agosti? Na za Oktoba?

"Za zamani," alijibu. "Nilikuwa nimeziweka. Mlikuwa mkizipenda sana, somo yangu."

Tukakumbuka kwamba mwezi wa Septemba tulimwomba aupige picha mwaridi ule upande wa pili, naye akajibu kwamba jua lilikuwa baya.

Kutoka Makina hadi Kawangware si mbali. Tulipita barabara ya Ngong, yenye vitalu vya miche kandoni, na mwenye kupenda maua hupata taabu kupita hapo bila kushuka. Mpakani mwa Kawangware ni Lavington, mtaa wa nyua na bustani pana. Ukivuka, unaingia katika mabati, vioski na kelele za matatu. Chumba cha Somo kiko ghorofani. Mwenye nyumba alikuwa amemruhusu makopo sita ukumbini, asizidishe. Alikuwa na rihani, dania, mshubiri na maua madogo ya rangi ya zambarau ambayo hakuna aliyejua jina lake. Maji ni ya kununua kwa mitungi, hivyo maji ya udhu huyapokea katika beseni, na hayo ndiyo yanayonywesha makopo.

"Mbona hukutuonyesha haya?"

Akanyoosha mkono: kamba ya nguo za majirani, mtaro wa maji machafu chini, ukuta ulioambuka rangi. "Mngeniona nimeanguka."

Haikuwa rahisi kumjibu, maana sisi pia, kabla ya kupiga picha uani, huwa tunaifunika ile sehemu ya ukuta iliyoliwa na chumvi ya bahari. Tulimwambia hivyo. Alicheka, na kicheko hicho kilikuwa cha kwanza siku ile.

Likabaki suala la mwasumini. Vipandikizi viwili vilikuwa vimebaki Makina kwa binamu, kwa tahadhari. Vitatu vilitaka kopo, na makopo yalikuwa sita. Tulimkataza asiing'oe dania, kwani dania huliwa, hakutusikia. Mmoja wetu alitaka kopo liwe karibu na mlango, mwingine pembeni linapofika jua la alasiri, kwa sababu ya baridi. Tulibishana kwa muda mrefu hata adhana ya alasiri ikatukuta, naye Somo akaliweka alipotaka mwenyewe.

Julai iliyofuata, baridi ya Nairobi ilipokuwa imekaza, ilitufikia picha. Mwasumini mmoja ulikuwa hai, una majani tisa, mawili ya manjano, wala hauna ua. Nyuma yake zilionekana suruali za jirani kambani, beseni la udhu, na mtaro wote. Usiku huo huo tulimpelekea yetu: asumini zimefunguka, ukuta umeliwa na chumvi, na paka amelala ndani ya chungu cha rihani.