Rubani na Mizani ya Magunia

Kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa ndege kubwa, na habari za ndege ndogo sikutaka hata kuzisikia. Kazi yangu ni kuratibu kambi za macho. Tunachukua daktari, wauguzi, fundi wa vifaa na masanduku yetu, tunakwenda wilayani kutoa mtoto wa jicho na kurekebisha vikope vilivyogeukia ndani kwa sababu ya trakoma. Tunakorudi mara kwa mara ni Ngorongoro, upande wa Loliondo, maana ugonjwa huo bado unawatesa wafugaji wa kule. Msimamo wangu kuhusu usafiri ulikuwa mfupi: injini mbili, mlango wa rubani uliofungwa, na mashine ya eksirei kabla ya kupanda. Pasipo hayo, heri basi.

Nilikuwa na sababu. Nyumbani kwetu kisa cha Februari 1982 kilikuwa cha kila sikukuu: Boeing 737 ya Air Tanzania iliyotekwa ikitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam, ikapitishwa Nairobi, Jeddah na Athens hadi Stansted, Uingereza, watekaji wakidai Mwalimu Nyerere ajiuzulu. Mjomba alikisimulia kama aliyekuwamo, ilhali siku hizo alikuwa shambani kwake anapalilia pamba. Baadaye nikasoma mambo ya Lockerbie, Desemba 1988, ambako sanduku lililosafiri bila mwenyewe lilibeba bomu na watu 270 wakafa. Kwa hiyo ndege inapocheleweshwa mzigo wa abiria asiyetokea uteremshwe, mimi si wa kulalamika. Viatu tulianza kuvuliwa kwa sababu ya mtu aliyeficha baruti kwenye soli mwaka 2001. Chupa za kuzidi mililita 100 zilianza kuzuiwa kwenye safari za kimataifa kwa sababu ya njama ya vimiminika iliyogunduliwa Uingereza Agosti 2006. Kila kero pale mlangoni ina kisa chake.

Kilichonigeuza ni darubini.

Mikasi na visu vya upasuaji haviruhusiwi mkononi, lazima viende tumboni mwa ndege. Betri za akiba za lithiamu kinyume chake: tumboni haziruhusiwi, maana zikishika moto kule hakuna wa kuziona, basi unazibeba mkononi. Darubini ya upasuaji yenyewe haikubali pande zote mbili. Kwa mkononi ni kubwa, na kwa kule chini, kunakorushwa masanduku, ni laini mno. Safari moja, na shirika lile sitalitaja, tuliipokea uwanja wa Kilimanjaro, KIA, mkono wake umevunjika na kibandiko cha “shika kwa uangalifu” kikiwa salama kabisa juu ya sanduku. Loliondo watu walikuwa wameshakusanyika. Wazee walioshikwa mkono na wajukuu tangu bomani walirudi na mtoto wa jicho wao yuleyule, bado wakishikwa mkono.

Daktari wetu ndiye aliyesema tukodi ndege. Nilibisha, nikashindwa kwa kura.

Tulikutana na rubani pale Kisongo, uwanja mdogo wa Arusha, alfajiri. Ukaguzi wa kawaida ulikuwapo, tukapita. Lakini huko nje, kando ya ndege, kijana yule alianza ukaguzi wake mwenyewe. Alikuwa na orodha ya majina yetu, akamtazama kila mmoja usoni. Kisha akaweka chini mizani, ya aina ile ya kupimia magunia ya mahindi sokoni, akaanza na muuguzi wetu mkuu.

“Shikamoo mama. Naomba upande hapa.”

“Marahaba mwanangu. Wewe andika themanini tu.”

“Mama, themanini ya kweli au ya kanga?”

Alipanda. Haikuwa themanini. Rubani aliandika bila kutabasamu, akahesabu, akampangia kiti cha mbele na fundi wetu mwembamba akamrudisha nyuma. Ndege ile, Cessna Caravan, ikiwa imejaa kila kitu haitakiwi kuzidi tani nne hivi, na mzigo ukilemea nyuma inaweza kuinua pua ikashindwa kuishusha. Halafu akaja kwenye masanduku. Kila moja akauliza lina nini, nani kalifunga, likafunguliwa. Darubini akaifunga mwenyewe kwa mikanda nyuma ya viti, fundi akiwa karibu anamwelekeza. Visu vikaenda nyuma, chini ya wavu. Alipofika kwenye dumu la spiriti akalisogeza pembeni. Nikamwambia ni ya kusafishia vifaa tu. Akasema, “Najua, dada. Haipandi.” Spiriti tulinunua kulekule.

Ninashuhudia kwamba sijawahi kukaguliwa hivyo na mashine yoyote. Na mashine peke yake haitoshi: Februari 2016 ndege ya shirika la Daallo ilipasuliwa ubavu na bomu muda mfupi baada ya kuruka Mogadishu. Bomu lilikuwa ndani ya kompyuta ya mkononi, na kamera za uwanja zilionyesha abiria akikabidhiwa kompyuta hiyo na watu waliokuwa ndani ya uwanja, baada ya ukaguzi. Marubani waliirudisha ndege chini salama, na aliyekufa ni mwenye bomu peke yake. Mashine ilikuwapo. Kwenye ndege kubwa mimi na yule wa kiti cha pili hatujuani, na mfumo mzima umejengwa kwa ajili ya hilo. Kwenye ndege ya kukodi aliyelipa anajulikana, abiria wamefanya kazi pamoja, na mgeni akijipenyeza anaonekana kama nzi kwenye maziwa.

Sisemi ndege ndogo haina hatari. Ajali zake ni nyingi kuliko za majeti makubwa ya abiria, na sababu kubwa si watekaji: ni mawingu, milima, uzito na haraka ya wateja. Caravan ina injini moja. Mlango wa rubani haupo, unamwona anakunywa maji. Kwa hiyo kabla ya kulipa chochote naomba cheti cha kampuni kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga, bima yenye tarehe hai, na jina la rubani. Anayesema “vyeti vitafuata” simpigii tena. Mwaka 2011, Babu wa Samunge, hukohuko Loliondo, alipokuwa anatoa kikombe cha dawa, wenye fedha walikwenda kwa ndege na helikopta za kukodi, na sidhani kama wengi wao waliuliza cheti cha nani.

Fedha nayo si ndogo. Unalipia ndege, si kiti, na ikirudi tupu unalipia utupu wake. Mhasibu wetu aliiona ankara ya kwanza akavua miwani. Tulikaa naye tukaweka pamoja tiketi, magari mawili, malazi ya timu njiani kwenda na kurudi, na matengenezo ya darubini. Tofauti ilibaki, ila haikuwa ya kutisha, na siku mbili za barabarani zikawa siku mbili za upasuaji. Tukiwa wachache bado anakataa, na ninamwelewa.

Masika ni jambo jingine. Kiwanja cha udongo kikilowa, rubani hupiga simu jioni, anauliza mvua imenyesha saa ngapi na gari likipita linaacha alama ya kina gani. Wakati mwingine jibu lake ni hapana, na hapana hiyo haina rufaa hata daktari angekuwa na wagonjwa mia wanangoja. Zamani ningemtafuta bosi wake. Siku hizi nampigia dereva wa Land Cruiser, tunaondoka usiku kupitia Mto wa Mbu, Engaruka na Ngare Sero, fundi akiwa kiti cha nyuma na darubini mapajani juu ya godoro la sponji, akimgombeza dereva kwa kila shimo.