Ndama wa Kiangazi

Mwaka juzi hapa Bujora ng'ombe wangu alizaa mwezi wa Agosti. Majani yalikuwa yamekauka, maziwa yakawa haba. Watoto wangu wakayalilia, nami nikakamua. Ndama akafa kabla ya mvua. Kosa lilikuwa langu, maana fahali nalimwacha kundini mwaka mzima.

Ng'ombe huchukua mimba miezi 9 na siku kama 10. Basi mimi na jirani zangu tumepatana: fahali huingia kundini Februari na Machi tu, ndama wapate kuzaliwa tangu Novemba hata mwanzo wa Januari, majani yakiwa mabichi. Nayo ngitili twaifunga wakati wa mvua, iwalishe mama zao kiangazi.

Ndugu, hesabuni miezi kabla ya kumfungulia fahali.