Mrehani wa Mama

Mapenzi yasiyo na maarifa huweza kudhuru kama chuki. Neno hili sikulipata kitabuni. Nilifundishwa na mrehani mmoja uliokuwa ukinifia mikononi.

Nakaa Mombasa, katika nyumba ya ghorofani isiyo na kiwanja. Mama alipofariki, na nyumba yake ikauzwa, nilichukua kitawi kimoja cha mrehani uliokuwa uani kwake. Hicho ndicho kilichosalia. Nikakitia katika chombo cha maji dirishani, na baada ya siku chache kikatoa mizizi myeupe.

Kukuza mimea majini si uchawi, wala si jambo jipya. Katika miaka ya 1860 Wajerumani wawili, Julius von Sachs na Wilhelm Knop, walionyesha kwamba mmea waweza kukua bila udongo, maadamu maji yake yana naitrojeni, fosforasi, potasiamu, kalsiamu, magnesiamu, salfa na chuma kidogo. Nilinunua mbolea ya namna hiyo, nikaiyeyusha katika maji ya kisima, nikangoja neema.

Sikuiona. Majani machanga yaligeuka manjano, mishipa yake ikabaki kijani. Nikasema, "Una njaa," nikaongeza mbolea. Kingo za majani zikaungua. Nikaongeza tena. Nilikuwa kama mwalimu ambaye mwanafunzi akikosa hesabu kumi humpa ishirini, bila kutazama alipokosea. Nami chuo cha ualimu kilinifundisha nisifanye hivyo!

Mwenzangu afundishaye kemia alipozuru kwangu aliuliza swali moja tu: "Mwalimu, maji haya umeyapima?" Nikainamisha kichwa. Maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Kesho yake alileta vipimo. Maji ya kisima peke yake, kabla ya mbolea, yalikuwa na chumvi ya kipimo cha milisimensi 1.9 kwa sentimita. Pamoja na mbolea yangu yalifika 3.4. Mrehani hutosheka na 1.0 hadi 1.6. Tena pH yake ilikuwa 8, hali mrehani hupenda 5.5 hadi 6.5. Kisiwa chetu kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe na kimezungukwa na bahari. Kwa hiyo visima vyake vingi vina chokaa na chumvi. Katika maji ya alkali chuma kimo, lakini mizizi haiwezi kukitwaa. Na chumvi ikizidi, mizizi hushindwa kunywa. Mmea wangu ulikuwa na njaa mbele ya chakula na kiu ndani ya maji.

Nilimwaga yote. Nikakinga maji ya mvua, nikatia mbolea kidogo kidogo hadi kipimo kikasoma 1.2, na pH 6. Nikafunika chombo kwa kitambaa, kwa kuwa mwanga huzalisha mwani. Nikakiondoa juani, kwa kuwa maji yenye joto hupungukiwa na hewa, mizizi ikaoza. Kila wiki mbili nabadili maji yote.

Majani yaliyoungua hayakupona, yalianguka. Lakini machipukizi mawili yalitokea, kijani kibichi, na jioni moja upepo wa bahari ulipopita dirishani, chumba kilinukia kama uani kwa Mama.

Msomaji kijana, ukipendacho kijue haja yake, kabla hujakimiminia ulicho nacho.